Umeme Umefika Nambambo, Jiko Limebaki Uani

Nyumba za Nambambo, kata ya mji wa Nachingwea, ukizitazama kwa mbele utasema habari ya nishati imekwisha. Bati, tofali za kuchoma, waya unaoshuka kutoka kwenye nguzo, mita ya LUKU, taa ya barazani, na hapa na pale kibao kwamba barafu zinauzwa. Zunguka uani sasa. Mafiga yana majivu ya asubuhi, kuni za mkorosho zimepangwa chini ya upenu zisilowe, na pembeni lipo jiko la mkaa la bati ambalo miguu yake imeshaanza kuliwa na kutu. Mtungi mdogo wa gesi huenda nao upo, ndani, juu ya stuli. Unyanyue: mara nyingi ni mwepesi.

Hali ni hiyohiyo Ruangwa, Liwale na Masasi. Kwa takwimu za serikali, mwaka 2021 Watanzania waliokuwa wanapika kwa nishati safi walikuwa asilimia 6.9 tu. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Mei 2024, unataka wafike asilimia 80 ifikapo 2034. Siku chache baada ya uzinduzi ule, Rais alikuwa Paris kama mmoja wa wenyeviti wa mkutano wa nishati safi ya kupikia barani Afrika, na ahadi za dola bilioni 2.2 zikatolewa. Sababu zinazotajwa majukwaani ni mbili na zinajulikana: moshi, unaohusishwa na vifo takriban 33,000 nchini kila mwaka, na misitu, ambayo taifa limekadiriwa kupoteza takriban hekta 469,000 kwa mwaka.

Sina ugomvi na lengo. Ninachogombana nacho ni kutia mambo matatu kwenye chungu kimoja. Moshi una chanzo chake, kupotea kwa msitu kuna chanzo chake, na umeme kutotumika jikoni kuna chanzo chake pia. Ukiyachanganya, unaishia kumlaumu bibi mwenye mzigo wa kuni kichwani kwa msitu ambao hakuukata yeye, huku unampa mtungi ambao hataweza kuujaza.

Kwa upande wa vyanzo, Kusini haina njaa. Gesi ya Songo Songo, wilayani Kilwa, iligunduliwa mwaka 1974, na ya Mnazi Bay, Mtwara, mwaka 1982. Bomba kubwa la kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam lilizinduliwa Oktoba 2015, miaka miwili baada ya ghasia za Mtwara, watu walipohoji kwa nini gesi ipite mlangoni mwao bila kubisha hodi. Kaskazini, kwenye mto Rufiji, Bwawa la Julius Nyerere limekamilika na mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115. Na Ruangwa kuna kinywe, madini yanayotengenezewa betri za magari ya umeme. Mgodi wa Lindi Jumbo ulianza uzalishaji mwaka 2024. Kwa maneno mengine, wilaya moja inachangia magari yasiyotoa moshi ya Asia na Ulaya, na jioni moshi wa mafiga unaifunika.

Hapa kuna dhana moja ya kuondoa mapema, kwa sababu inarudi kila penye mazungumzo ya gesi. Gesi iliyo ndani ya mtungi haitoki Mnazi Bay. Ile ya Mnazi Bay karibu yote ni methani, na methani haikubali kuwa kimiminika ndani ya mtungi wa kawaida. Inataka kupozwa hadi nyuzi 162 chini ya sifuri. Ya mtungini hutokana na mafuta na gesi za nchi nyingine, huja kwa meli, hushushwa bandarini, husafirishwa kwa lori hadi Kusini, na kila kilomita ya lori imo kwenye bei. Gesi yetu wenyewe inataka bomba hadi jikoni, na mabomba ya majumbani yamefika sehemu chache za Dar es Salaam, Mtwara, Lindi na Pwani. Kuchimbia bomba hadi Nambambo kwa ajili ya kuchemshia kunde hakutalipa katika umri wangu.

Tena, gesi zote mbili ni za ardhini, zikichomwa zimekwenda. Ni safi kwa mapafu ya mpishi, lakini si jadidifu. Kuni ni kinyume chake: zinaota tena, ila zinaua kwa moshi. Mpango wowote unaojigamba kwa yote mawili kwa pamoja unapaswa kutazamwa mara mbili. Kwa hapa Nachingwea, kitu pekee kinachokaribia kutimiza yote ni umeme wa maji ya Rufiji. Nitaurudia.

Tuanze na pesa, maana jiko huamuliwa na mfuko. Mkaa unauzwa kwa kopo, kwa sado, kwa ndoo, kwa gunia. Mwenye elfu moja anapika leo, na mwenye mia tano naye atapata wa kuchemshia chai. Mtungi wa kilo 6 haukubali mia tano. Unataka zaidi ya elfu ishirini kwa mkupuo, siku ileile ulipoisha. Mshahara wa mwezi unaweza kulizoea hilo. Uchumi wa Nachingwea na Ruangwa hauendi kwa mwezi. Unakwenda kwa msimu: ufuta katikati ya mwaka, kisha mbaazi, halafu korosho kuanzia Oktoba, wakati minada ya chama cha ushirika cha RUNALI inapoanza na boda boda mpya zinapoonekana barabarani. Desemba mtungi unajazwa bila mjadala. Machi, shamba linataka palizi na ghala limebaki na debe moja, mtungi unapanda juu ya stuli.

Serikali iliona kwamba kununua mtungi wa kwanza ni kikwazo, ikaweka ruzuku. Kupitia Wakala wa Nishati Vijijini, REA, mitungi ya kilo 6 ikauzwa nusu bei, 3,255 kwa kila wilaya, kwa hiyo 16,275 kwa wilaya tano za mkoa wa Lindi. Sensa ya 2022 iliukuta mkoa huu na watu takriban 1,194,000. Hata ukisema kila kaya ina watu wanne, mtungi mmoja ni kwa kaya kumi na nane. Lakini uchache huo siuoni kuwa kasoro kubwa. Kasoro ni kwamba ruzuku imelala kwenye chuma, kitu kinachonunuliwa mara moja, na kumwacha mnunuzi peke yake kwenye gesi, kitu kinachonunuliwa kila mara. Teknolojia ya kulipia gesi kidogo kidogo kwa simu ipo na ilizaliwa hapa hapa Dar es Salaam, kwa KopaGas, kabla ya kuuzwa kwa kampuni ya Circle Gas mwaka 2020. Inahitaji wateja wengi waliokaribiana ndipo ilipe, na Nachingwea wateja hawajakaribiana hivyo.

Na hesabu ya kugawa namba moja sawa kwa kila wilaya ya nchi, yenye bandari na yenye pori, si ngeni masikioni mwa mji huu. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mpango wa karanga, matrekta yakashushwa, pori la Nachingwea likang'olewa, reli ikajengwa kutoka pwani, na bandari ya Mtwara ikajengwa kwa ajili hiyo. Hesabu zilipigwa London. Udongo na mvua havikuzisoma, na kufikia 1951 mpango ukafutwa. Reli iling'olewa baadaye, na leo kata ya Stesheni haina treni hata ya kuchezea.

Sasa umeme, ambako naona ndiko lilipo jibu la mjini, na ndiko kwenye kikwazo ambacho karibu hakizungumzwi.

Jiko la umeme la presha, lile sufuria lenye mfuniko unaojifunga na vitufe mbele, limefanyiwa kazi nchini kwa miaka kadhaa, shirika la TaTEDO likiwa mbele. Uzuri wake ni kwamba halipotezi joto. Chungu cha maharage, ambacho kwenye mkaa kinakula nusu ya siku na jiko zima la makaa, humo kinaiva kwa saa moja hivi na hakimalizi uniti moja ya umeme. Kunde, mbaazi, choroko, makongoro, makande: vyakula vyote vinavyomaliza kuni ndivyo jiko hili linavyovipenda. Mhogo mkavu na ming'oko vilevile. Linakoshindwa ni kwenye ugali. Ugali wa hapa husongwa kwa nguvu ya bega, sufuria limekamatwa kwa mguu au kwa mti, na chombo chepesi chenye waya hakistahimili mwiko wa namna hiyo. Mpishi anayesema hataki jiko la umeme kwa sababu ya ugali hana ushamba wowote, anasema kweli. Atalitumia kwa mboga, na ugali utabaki kwenye mkaa kwa dakika ishirini. Mkaa wa dakika ishirini kwa siku ni mchache mno kuliko wa saa nne, na kwa maoni yangu huo peke yake ni ushindi.

Basi hebu tupige hesabu kwa bei za TANESCO zilizoidhinishwa mwaka 2016. Mteja mdogo wa majumbani, kundi la D1, analipa shilingi 100 kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi. Ikizidi hapo, kila uniti ni shilingi 350. Na akionekana anazidisha mwezi baada ya mwezi, anahamishiwa kundi la T1, ambako kila uniti, kuanzia ya kwanza, ni shilingi 292. Zote hizi kabla ya kodi na tozo.

Chukua kaya ya Nambambo yenye taa, televisheni, feni na simu. Tuseme inakula uniti 30 kwa mwezi. Ianze kupika mboga na chai kwa umeme, uniti moja na nusu hadi mbili kwa siku. Jumla inafika 75 hadi 90. Angalia kinachotokea kwenye 90. Ikiwa bado D1, italipa 7,500 kwa uniti 75 za mwanzo na 5,250 kwa zile 15 za juu: 12,750 kwa taa na jiko, chini ya bei ya kujaza mtungi mmoja. Ikishahamishwa T1, uniti zilezile 90 ni 26,280. Yaani kiwango kilichowekwa kumlinda mnyonge kilipimwa kwa nyumba inayowasha taa na kuangalia taarifa ya habari, na nyumba hiyo ikithubutu kuweka chungu inageuka tajiri kwenye daftari. Mkakati unamwita aje kwenye umeme, bei inamfukuza.

Dawa yake haihitaji bwawa jingine. EWURA, mdhibiti wa bei za umeme, na TANESCO wakipandisha kikomo kutoka 75 hadi, tuseme, 120, au wakitenga uniti za kupikia kwa mwenye jiko lililosajiliwa, watu wa mjini wataanza kuhama mkaa bila semina. Kutakuwa na gharama kwa shirika, ndiyo. Lakini megawati 2,115 zimeshajengwa, na jiko la saa tano asubuhi linatumia umeme wakati ambao nchi haijawasha taa.

Kuna kikwazo cha pili, cha uhakika wa umeme. Kwa miaka mingi Mtwara na Lindi zilikuwa nje ya gridi ya Taifa, zikitegemea mitambo ya gesi ya Mtwara, na umeme wa Nachingwea na Ruangwa ukisafiri kwenye njia ndefu za kilovolti 33, katikati ya mikorosho na miti inayoangukia waya kila mvua. Njia ya kilovolti 220 kutoka Songea kupitia Tunduru hadi Masasi ndiyo ya kuiunganisha mikoa hii na gridi. Hadi umeme utulie, mwenye jiko la presha atahitaji jiko la pili. Umeme ukikatika maharage yakiwa nusu, hayangoji. Wataalamu wanapoandika kwa masikitiko kwamba kaya "hazihami kikamilifu", huwa natamani wapewe jioni moja ya namna hiyo.

Na kuna mlango wenyewe wa kuingilia: kijijini kuunganishiwa umeme ni shilingi 27,000, mjini ni 320,960 tangu Januari 2022. Mji kama Nachingwea una mitaa ambayo mtu analima, anafuga kuku na kukata kuni sawasawa na mwanakijiji, ila kwenye fomu ni mtu wa mjini. Kusuka nyaya ndani ya nyumba ni juu yake pia.

Msitu sasa. Ukienda vijiji vya Ruangwa na Nachingwea ukauliza kuni zinatoka wapi, utajibiwa matawi ya mikorosho iliyopogolewa, visiki vya shamba, miti iliyokauka. Mwanamke mwenye panga hakati mti mbichi wa mninga. Hauwaki, na hauwezi kubebeka. Kinachofyeka miombo ya Lindi kwa eneo kubwa ni shamba jipya, na zao linalosukuma shamba jipya ni ufuta. Ufuta hupenda ardhi iliyopumzika. Baada ya misimu michache magugu yanazidi, mavuno yanashuka, mkulima anasogea mbele na shoka na kiberiti. Miti inachomwa palepale, bila kupika hata kikombe cha uji. Bei ya ufuta ikipanda mnadani, pori linajua.

Mkaa una hatia, tena kubwa, kwa sababu tanuru la udongo ni mlafi: kilo moja ya mkaa hula kilo tano hadi kumi za mti, na hapo unachomwa mti mbichi, mzima, mgumu. Hiyo ndiyo tofauti ya mkaa wa mjini na kuni za kijijini, na ndiyo sababu nasema mwenye kuanza kuhamishwa ni mnunuzi wa mkaa. Kuna na mshitakiwa wa tatu asiyetajwa na mtu: tanuri la tofali. Tofali za nyumba bora za Nambambo nilizozisifia mwanzoni zilichomwa kwa magogo mazima, usiku na mchana, na hakuna mkakati wa nishati safi ya kuchomea tofali.

Kupiga marufuku tumeshajaribu. Mwaka 2006 serikali ilisimamisha mkaa. Bei ikaruka, watu wakapika vilevile, na amri haikudumu. Kenya nayo ilisimamisha ukataji miti Februari 2018, na mkaa ukapanda bei Nairobi. Kilichofanya kazi kidogo ni kinyume cha marufuku: Kilosa, tangu 2012, vijiji vilivyopimiwa misitu yao vinavuna mkaa kwa vitalu vya zamu, kitalu kilichovunwa kinaachwa kichipue kwa zaidi ya miaka ishirini, na ushuru unabaki kijijini ukajenga zahanati na madarasa. Ruangwa, Nachingwea na Liwale zilipata mradi wa FORVAC, uliofadhiliwa na Finland kuanzia 2018, wa misitu ya vijiji na mbao zake. Kijiji kinachouza mninga kwa mita ya ujazo kina sababu ya kumzuia mtu wa ufuta. Kijiji kisichopata kitu kutoka msituni hakina.

Wa kijijini, basi, tumwache na kuni? Kwa sasa, ndiyo, lakini tusimwache na moshi. Kuni za bure hulipiwa kwa kutembea, kwa mgongo, kwa binti anayechelewa shule, na malipo hayo hayaonekani kwenye bajeti ya mwanaume wa nyumba, ndiyo maana anasema hazina gharama. Jiko banifu la udongo linapunguza kuni hadi karibu nusu likitengenezwa vizuri, na jiko likiwa nje au lenye bomba la moshi macho yanapona. Haliondoi sumu yote. Ni hatua ambayo fundi wa kijijini anaweza kuifanya kwa udongo wa kichuguu, na haisubiri meli.

Ieleweke pia kwamba mafiga yana kazi zaidi ya kupika. Moshi wake unalinda mahindi ya mbegu darini dhidi ya wadudu. Moto wake unachemsha maji ya kuoga ya mgonjwa. Makete na Lushoto, kwenye baridi, ndio unaopasha nyumba nzima, na huko hesabu ni nyingine kabisa. Na Kusini kuna shughuli: unyago, jando, msiba. Sufuria la kulisha watu mia mbili haliwekwi juu ya mtungi wa kilo 6. Mafiga yataondoka uani kwa siku za kawaida kabla hayajaondoka kwenye msiba, na sioni tatizo.

Taasisi ndizo zilizotangulizwa na serikali: zinazolisha watu zaidi ya mia ziliagizwa kuacha kuni na mkaa kuanzia Januari 2024. Kwa kambi ya JKT au chuo cha ualimu cha hapa Nachingwea, agizo lina mantiki. Jiko moja, mnunuzi mmoja, bajeti inayojulikana. Shule ya msingi ya kijijini ni kitu kingine. Mzazi anachangia debe la mahindi, mwanafunzi anakuja na ukuni mmoja mkononi, uji unapikwa. Gesi inataka fedha taslimu ambayo mzazi hana hadi minada ifunguliwe. Mwalimu mkuu akibanwa na agizo huku mtungi umekwisha, kitakachozimwa ni uji. Bora shule hizo zipewe majiko banifu makubwa, yenye bomba la moshi, na muda.

Mjini ndiko pa kukimbilia, na mjini kipimo hakitakuwa idadi ya mitungi iliyogawiwa. Kwa bei ya D1, LUKU ya shilingi elfu tano inatoa karibu uniti 41 baada ya makato. Kwa T1 inatoa kama 14. Mama wa Nambambo aliyenunua jiko la presha kwa pesa ya korosho ya msimu uliopita atajua siasa ya nishati safi inaelekea wapi siku atakapoingiza zile namba ishirini kwenye mita na kusoma uniti alizopewa.